Kitambaa Kwenye Mkebe wa Maziwa

Mtu akiniambia netiweki iko chini, namwangalia mdomo kwanza, halafu mfuko. Mara nyingi simu iko humo mfukoni inalia, inaimba, inamletea picha za harusi ya watu asiowajua. Netiweki ya kuleta harusi ipo. Ya kumfanya afanye kazi aliyoandikwa ndiyo iko chini. Mimi niliacha shule darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini hata siku zile nisingeweza kusema uongo wa uvivu namna hiyo.

Tunakaa nje ya Eldoret, upande wa Cheptiret, kwenye shamba ambalo marehemu mzee wangu alituachia mimi na kijana wetu mkubwa. Mahindi tunalima kama kila mtu. Fahari yangu ni maziwa. Kila asubuhi lori la sosaiti, ushirika wetu wa maziwa, linapita barabarani, linachukua mikebe, linaipeleka kwa mtambo wa kupoza, na mchana linarudisha mikebe mitupu. Imekuwa hivyo tangu nikiwa na meno yote.

Sasa, ng'ombe akiwa kwenye joto hangoji mtu. Ukimwona asubuhi anapanda wenzake na kulia kama aliyefiwa, anatakiwa apandishwe jioni hiyo. Ukimwona jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Ukikosa, unangoja wiki tatu joto lirudi, na wakati huo anakula tu. Daktari wa mbegu, yule anayebeba mbegu za dume kwenye mtungi wa baridi nyuma ya pikipiki, kituo chake ni pale kwa mtambo. Sisi tuko huku mashambani. Zamani hakuna aliyekuwa na simu, kwa hivyo akina mama wa upande huu tulikuwa na vitambaa.

Kitambaa cheupe kwenye mkono wa mkebe maana yake nina ng'ombe kwenye joto. Fundo moja mkiani mwa kitambaa, nimemwona asubuhi. Mafundo mawili, nimemwona jioni. Kitambaa cha buluu ni mgonjwa, usije na mbegu, njoo na sindano. Mkebe una namba ya mwenyewe, basi jina la nini. Na lililokuwa kubwa kuliko hayo yote ni kurudi kwake. Daktari akishasoma kitambaa alifungua yale mafundo, akakihamisha kutoka mkono wa mkebe hadi kwenye kifuniko. Mkebe ukirudi mchana na kitambaa kiko kifunikoni, hakina fundo, unajua amesoma na anakuja. Ukirudi na kitambaa palepale ulipokifunga, na fundo lake, unajua hajakiona ama hawezi, na unaanza kumtafuta mwenye dume kabla jua halijageuka. Hakuna aliyebaki anajidanganya.

Dereva hakuhusika na hayo. Mvua ikinyesha lori likakwama, trekta ililivuta. Siku lori lilipoharibika, mikebe ilipanda mkokoteni wa punda. Kitambaa kilisema kile kile. Punda hakuulizwa maoni yake.

Mara moja tu kulikuwa na shida, na ililetwa na dereva mpya, mwanamume msafi kupita kiasi, wa kunyoosha hata suruali ya kuendeshea lori. Huyo alivifungua vitambaa vyote njiani, vyeupe kwa vya buluu, akapangusia kioo. Jirani yangu alikosa kupandisha ng'ombe wawili. Nilimngojea huyo dereva barabarani. Aliniambia kwa adabu kwamba alidhani ni uchafu, na mikebe ya chakula haifai kuwa na uchafu. Nikamuuliza kama ameandikwa kudhani ama kubeba. Tangu siku hiyo alibeba, na kioo akapangusia shati lake.

Halafu akaja mtaalamu.

Alitoka Elgon View, kwenye zile nyumba zenye maua ambayo hakuna mnyama anayekula. Gari lake dogo lilishindwa na matope mbali na ukumbi wa sosaiti, akaja kwa miguu na viatu vilivyochongoka mbele kama mdomo wa kuku, na sisi tulioalikwa kumsikiliza tukakaa tukimngoja aviparure kwa kijiti. Alisema vitambaa ni aibu. Alisema hivyo hivyo, mbele ya wanawake waliolea ng'ombe wa mkoa huu kwa vitambaa. Akainua simu, akaonyesha picha ya ng'ombe kwenye kioo chake, akaibonyeza kwa kidole kimoja, na papo hapo ikatokea alama ya kijani na neno: Imefika.

Watu walipiga makofi. Nikainua mkono.

"Imefika kwa nani?"

"Kwa mfumo, Shosho," akasema.

Kwanza, mimi si shosho wake. Hilo si neno la kwetu, kwetu bibi ni kogo, na bibi yake yuko huko alikozaliwa, amwendee. Pili, nilimuuliza jina la mtu na yeye akanipa jina la kitu. Nilitaka kuendelea lakini ukumbi ulikuwa umeshaanza kucheka, na aliyecheka akijificha nyuma ya karatasi alikuwa kijana wangu mwenyewe, ambaye ni mwanakamati. Kamati ikapitisha siku hiyo: kila mwenye ng'ombe atumie programu ya simu, na mkebe utakaokutwa na kitambaa utarudishwa na maziwa yake. Kijana wangu aliweka sahihi. Ana sahihi nzuri, yenye mkia mrefu. Shule nilimpeleka mimi.

Kuna ng'ombe wangu mmoja mwekundu. Mama yake alitoka kwa mama yake, na yule wa kwanza kabisa alikuja na mimi nikiolewa, akitembea nyuma yangu kutoka Sugoi siku mbili, na mzee wangu aliwaambia watu kwamba hajui kati yetu ni nani aliyekuwa mrembo zaidi. Nilimsamehe kwa sababu ng'ombe kweli alikuwa mrembo. Wengine wa ukoo huo wamekwisha, kwa ugonjwa na kwa karo. Huyu mwekundu ndiye amebaki, na hana ndama jike.

Alipopata joto mara ya kwanza baada ya ule mkutano, nilibonyeza ile picha. Imefika. Nilikaa kwenye lango na kiti changu mpaka jioni. Hakuna pikipiki. Nikapiga simu ofisini, karani akaniambia ni netiweki. Wiki tatu baadaye nikabonyeza tena. Imefika, kijani kibichi kama nyasi za mvua. Nikakaa tena na kiti. Karani akaniambia tena netiweki, na nyuma ya sauti yake nikasikia mpira wa Uingereza unatangazwa kwenye simu nyingine.

Kijana wangu akaja jikoni kuongea kiume. Alisema maziwa ya mwekundu yameisha, hashiki mimba, na anakula malisho ya wawili. Kuna mwenye bucha anayepita mwisho wa mwezi.

"Mama, tutamngoja mpaka lini?"

Mtu mwingine angelia. Mimi nina kiburi, na kiburi kilinijibia kabla sijakaa kitako. Nilimwambia mwekundu akikosa mara ya tatu, amchukue, na mimi mwenyewe nitamfunga kamba. Neno likawa limetoka. Na mimi nikisema sirudi nyuma, kijana wangu anajua. Alimaliza mursik yake, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, akaondoka.

Kwenye hizo siku za kungoja joto la tatu ndipo mjukuu wangu wa kike, binti ya huyo kijana, akarudi kwa likizo. Yeye anasoma mambo ya kompyuta chuoni Eldoret. Watu wanamsifu kwa urembo wake, na mimi nawaachia wajinga urembo. Nilimkalisha jikoni, nikamwekea simu mbele, nikamwambia anieleze huyu Imefika ni nani, anakaa wapi, na kwa nini haji.

Alifungua daftari lake. Kulikuwa na mchoro kama nyumba ya ghorofa. Alisema kompyuta zikiongea, maneno yanaanzia ghorofa ya juu, yanashuka, yanapita kwenye waya ama hewani, halafu yanapanda ghorofa za nyumba ya pili mpaka juu. Huko chini kabisa ni barabara. Juu kidogo ni wale wa kutafuta njia. Juu yao wako wa kuhakikisha mzigo umefika mzima, haukupungua. Na hiyo ya juu kabisa, iliyo karibu na mtu, inaitwa aplikesheni leya. Hapo ndipo jambo lenyewe linasemwa. Hapo ndipo pande mbili zimekubaliana mapema nani atauliza, atauliza vipi, na jibu litakuwa la namna gani. Zile nyingine zote zinabeba tu, hazijui zimebeba nini.

"Hiyo ni kitambaa," nikamwambia.

Akacheka. "Kogo, hii ni kompyuta."

"Barabara ni barabara. Lori ni lori. Karani wa kuhesabu mikebe ni huyo wako wa kuhakikisha. Na juu ya mkebe kuna kitambaa. Endelea."

Hakuendelea. Aliniuliza mafundo yalikuwaje, na kitambaa kilirudije, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, na yeye akaacha kucheka akachukua kalamu. Baadaye alisema, pole pole kama mtu anayehesabu vifaranga, kwamba ile alama ya kijani haitoki juu. Inatoka chini, kwa wabebaji. Inasema mzigo umefika mzima kwenye kompyuta ya sosaiti. Haisemi kuna mtu ameufungua, ameuelewa, na amekubali kuja. Mtaalamu aliweka swali kwenye programu yake, akasahau kuweka jibu.

Kwa maneno mengine, alimpa punda sifa ya daktari.

Kesho yake tulienda ofisini, mimi na yeye. Karani alipotuona aliweka simu chini akaanza kusema netiweki. Mjukuu wangu hakubishana. Alitoa simu yake akampigia rafiki yake wa chuo, na sura ya rafiki ikatokea hapo mezani, anakula muhogo, anasikika hata akitafuna. Akamwambia karani netiweki ndiyo hiyo, msalimie. Karani akamsalimia.

Halafu tukamwomba afungue kompyuta. Na vilikuwa humo. Vilio vyote vya ng'ombe wa upande wetu, tangu siku ya makofi, vimepangana kwa mstari, na vyangu viwili katikati, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Karani alisema yeye si kazi yake kuvifungua. Mtaalamu alimwambia daktari ndiye atakayevifungua, kwa simu yake.

Daktari alikuwa nje, anaosha pikipiki. Ni mtu mzima, mpole, mikono yake imeingia ndani ya ng'ombe wengi kuliko miaka yake. Nikamwomba anionyeshe simu ambayo mtaalamu alimwekea programu.

"Programu gani, Mama? Simu yangu ni ya vibonyezo, na inakaa nyumbani na mke wangu. Ikikaa kwa pikipiki inaanguka."

Nikamuuliza sasa hizo wiki zote alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa nangoja vitambaa," akasema. "Nikaona mikebe inakuja bila kitu, nikajua ng'ombe zenu zote zimeshika mimba. Nikawafurahia sana."

Alisema hivyo bila utani wowote. Nilikaa kwenye jiwe. Huyo sikuweza kumdharau, kwa sababu katika hiyo sosaiti yote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anatazama mikebe. Mtaalamu hakuwahi kumuuliza ana simu gani. Alitengeneza mdomo upande mmoja, na upande wa pili hakutafuta sikio. Mjukuu wangu alimpigia mtaalamu hapohapo kumweleza kwamba ile alama itokee tu daktari mwenyewe akishasema anakuja. Alijibiwa kwamba hilo liko kwenye awamu ya pili. Sijui awamu ni nini, lakini nimeona kwamba ni mahali ambapo watu wa Elgon View huweka akili yao isipate matope.

Sheria ya kamati ilikuwa bado inasimama. Mkebe wa kitambaa unarudishwa.

Mwekundu alipata joto siku nne baadaye, asubuhi, nilipokuwa nakamua. Alimpanda ndama wa watu, akalia, akatazama barabara kama anayejua bucha iko upande gani. Nilichana shati la shule la zamani, jeupe, nikalifunga kwenye mkono wa mkebe, fundo moja. Mjukuu wangu akabonyeza simu pia, kwa kujaribu. Imefika, ikasema, na lori lenyewe lilikuwa halijatokea hata kwenye kona.

Lilipotokea, dereva alikuwa yule yule msafi. Aliona kitambaa, akaniangalia, akaangalia kijana wangu aliyekuwa amesimama langoni.

"Mama, hii imekatazwa."

"Wewe kazi yako ni kubeba. Beba."

Dereva hakusogea. Alikuwa anamngoja mwanakamati, na mwanakamati alikuwa ameshika lango kwa mikono miwili. Akasema, kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa nayo akivunja sahani zamani:

"Mama, sheria mimi ndiye niliweka sahihi."

"Basi geuka uangalie mahindi."

Dereva akangoja. Mjukuu wangu akangoja. Na mtoto wangu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sahihi ya mkia mrefu, aligeuka akaangalia mahindi. Aliyaangalia kwa makini sana, kama anayahesabu majani. Mkebe ukapanda lori, kitambaa kikipepea, na hakugeuka mpaka lori likaisha kwenye kona.

Ile asubuhi ilikuwa ndefu. Sikukaa na kiti langoni, kiti kilikuwa kimeshanidanganya mara mbili. Nilipalilia mboga ambazo hazikuwa na magugu. Mjukuu wangu aliniletea chai ikapoa. Nilikuwa nafikiri kamba, ni ipi nitamfungia, na kama nitatembea naye mpaka barabarani ama nitamwachia mwenye bucha hapo nyumbani. Neno nilikuwa nimelitoa. Ningefanya.

Mchana lori likarudi. Dereva alishuka mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kufanya, akauteremsha mkebe kwa mikono miwili na kuuweka mbele yangu kama anarudisha mtoto. Kitambaa kilikuwa kwenye kifuniko. Hakikuwa na fundo.

Mjukuu wangu alichukua daftari na kuandika kitu. Kijana wangu aliingia zizini, akaanza kutengeneza kihori cha mwekundu kilichovunjika tangu mvua za mwaka jana. Jioni, jua likiwa bado juu ya mahindi, pikipiki ikaja.

Baada ya wiki tatu nilimtazama mwekundu kama askari. Hakulia. Baada ya wiki tatu zingine, akatulia zaidi. Miezi mitatu ilipotimia daktari aliingiza mkono mpaka bega, akatazama mbinguni kama wanavyofanya wote, akasema ndama yuko. Mwenye bucha alipita, kijana wangu akamwambia hatuna kitu. Kamati ikakaa, ikasema vitambaa vinaruhusiwa kwa muda, na mpaka leo hakuna aliyewauliza muda huo ni upi.

Hadithi ingeishia hapo kama mtaalamu angekuwa na aibu. Mwezi uliopita alikuja, safari hii barabara ikiwa kavu, gari likafika mpaka langoni kwangu. Alikuwa amesikia kuna ng'ombe aliyeshika mimba upande huu baada ya kubonyezwa kwenye programu yake, na jambo hilo ni kweli, alibonyezwa. Alitaka kumpiga picha mwekundu kwa ajili ya tangazo. Mjukuu wangu hakuwepo, alikuwa amerudi chuoni, na labda ni vizuri. Nilimkaribisha. Nilimpa mursik kwenye kikombe kikubwa, na akiwa anapambana nayo, anasema ni tamu huku macho yamemtoka, nikazunguka nyuma ya gari lake kama mzee anayetafuta kuku.

Aliniaga vizuri. Aliniita Shosho tena.

Njia yake ilipita kwa mtambo wa sosaiti, ambapo alisimama kusalimia. Yaliyofuata aliniambia daktari mwenyewe, kesho yake, akiwa ameketi hapa jikoni na hawezi kushika kikombe kwa kicheko. Alisema aliona gari linaingia, na nyuma, kwenye kile chuma cha kufungia kamba likikwama, kuna kitambaa cheupe, mafundo mawili. Ameonekana jioni. Apandishwe asubuhi.

Nikamuuliza alifanya nini.

Alisema yeye ni mtu wa kazi. Mtaalamu akiwa ndani na karani, alikwenda nyuma ya gari, akafungua mafundo yote mawili, akakitoa kitambaa kwenye kile chuma, akakifunga juu, kwenye kifuniko cha buti, bila fundo, kama inavyotakiwa. Mtaalamu akatoka, akapanda gari, akapunga mkono, akaenda nacho mpaka Elgon View.